Mvua Isiyokuwemo

Bwana Shalva alinikamata mlangoni pa tanuri la mikate,
mkate wa moto kwapani, umeviringwa gazeti,
akaniambia bila salamu:
"Lamara, mvua iko wapi?"

Jua lilikuwa kali. Kutaisi nzima ilikuwa imeanika nguo.
Nikatazama juu, kama mjinga.
"Ya kwenye filamu," akasema. "Si uliandika
mvua inailowesha piano barabarani,
na mjane hasogei, anaiacha iloe?
Nimekaa hadi taa zikawaka.
Nimekaa hadi kijana wa ufagio akanigonga kiatu."

Nilicheka. Kisha nikaikumbuka Jumanne.

Jumanne nilikuwa na filamu nne na usiku mmoja,
lari kumi na tano kwa kila uhakiki,
mtoto ana homa, birika linapiga mluzi.
Nikaipa akili mnemba jina la filamu, mwaka,
na mstari mmoja wa tangazo: mjane anauza piano ya mumewe.
Nikasema, andika kama mimi.
Ikaandika kama mimi,
yaani kama mimi wa miaka sita nyuma,
yule aliyetoka ukumbini na wino vidoleni
akakosa basi kwa sababu ya sentensi.

Na ilikuwa sentensi nzuri, ile ya mvua.
Nilifuta tu "inagusa moyo", iliyojitokeza mara tatu,
nikatuma, nikalala.

Asiyekuwepo na lake halipo, husemwa.
Mimi sikuwepo, na langu lilikuwepo,
limechapwa, lina jina langu chini,
na mzee wa miaka sabini na sita,
fundi mstaafu wa breki za mabasi,
amekata tiketi kwenda kuliangalia.

Ijumaa nikaenda.
Watu saba, hita moja.
Filamu ni ngazi. Ghorofa ya tano hadi chini,
wanaume wanne na piano, dakika kumi na moja
bila muziki: pumzi, na "shika hapo", na "mguu wangu!"
Mjane anatangulia,
kila ghorofa anawaomba radhi majirani.
Nje, anga jeupe, kavu.
Mtoto tusiyemjua anabonyeza kitufe kimoja, cha mwisho kabisa,
anakimbia.
Gari linaondoka.

Hakuna hata tone.

Aibu ningeibeba, si nzito kama piano.
Lakini kuna jambo sijamwambia mtu:
mtoto alipobonyeza, nami niliingoja.
Nilitazama juu ya mabega ya wale wanaume
nikitafuta wingu. Dalili ya mvua ni mawingu;
pale dalili ilikuwa maneno, tena si yangu.
Na wingu lilipokosekana nilimkasirikia mwongozaji,
mtu wa watu, kwa kuninyima
kitu ambacho hakuniahidi kamwe.

Nyumbani nikaiuliza mashine: mvua uliitoa wapi?
Ikaomba radhi. Adabu yake haina mfano.
Ikasema huenda kweli haimo; je, iandike upya?
Ikaandika upya.
Ikatia theluji.

Nikaifunga. Kalamu niliyoipata ni ya mtoto, ya zambarau.
Niliandika: Wanaume wanne wanashusha piano.
Mmoja amevaa soksi zisizofanana.
Nikakwama hapo hadi saa nane usiku,
homa ya mtoto ikishuka taratibu chumba cha pili,
ngazi kwa ngazi.

Jumapili nilimpelekea Bwana Shalva pesa ya tiketi.
Hakuzipokea. Alikuwa akimenya kitunguu,
macho mekundu, hivyo sikuweza kumsoma.
"Nilirudi jana kuiangalia tena," akasema.
"Wewe ndiye mwenye kazi hii.
Nilidhani labda nilisinzia."